Kipimo cha Kiwiko

Kidato cha gari kilichomvunja Fundi mguu alikuwa amekitengeneza yeye mwenyewe. Tena alikuwa amemwonya kila aliyelisogelea gari: mkewe, jirani wa nyumba ya pili, hata msoma mita za maji aliyekuja kwa shughuli zake. Msikanyage hapo, sijakipigilia misumari. Kisha Alhamisi moja asubuhi, ubao begani na penseli sikioni, akashuka kwa haraka ya mtu anayesikia chai ikimiminwa kikombeni, akakikanyaga. Ubao ulitua salama. Kifundo cha mguu wake wa kulia hakikutua salama.

Hospitali walimfunga plasta hadi chini ya goti, wakamwambia wiki sita. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja waanze safari.

Safari yenyewe ilikuwa na umri mkubwa kuliko mtoto wao. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Posta, alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na moja katika chumba cha kuchambulia barua. Kutwa alisimama mbele ya ukuta wa vijisanduku, akisoma majina ya miji kwenye bahasha na kuitupia kila moja mahali pake. Miji mia mbili na kitu aliijua kwa vidole. Alijua ni upi wakazi wake hupenda kuandika kwa wino wa kijani, ni upi hupokea kadi nyingi za pole, ni upi barua zake hurudi bila kufunguliwa. Aliyokuwa ameiona kwa macho ni miwili tu, aliozaliwa na alioolewa. Mara ya kwanza alipomwambia Fundi kwamba angependa kwenda kuitazama hiyo mingine, walikuwa bado wachumba. Fundi alijibu, mwaka ujao. Mwaka uliofuata akajibu vivyo hivyo, bila hila yoyote moyoni, kwa sababu kila mwaka kulikuwa na jiko la mtu la kumaliza.

Majiko ndiyo yaliyompa jina. Alikuwa seremala wa kila kitu, milango, vitanda, makabati, lakini watu walimfuata kutoka mbali kwa ajili ya majiko, na majiko yake yalikuwa na sharti moja. Hakukata ubao mpaka mpishi wa nyumba aje mwenyewe karakanani, avue viatu, asimame kando ya ukuta na kukunja mkono. Fundi alichora mstari penye kiwiko, akashuka upana wa kiganja, na hapo ndipo ilipokaa meza ya jiko hilo. Aliwahi kumrudisha nyumbani bwana mmoja aliyekuja na vipimo vimepigwa chapa kwenye karatasi. Alimuuliza tu kwa upole kama yeye ndiye anayepika, na bwana akaenda kumleta mkewe. Ukuta wa karakana ulikuwa umejaa mistari ya penseli, kila mmoja na jina pembeni yake.

Alipostaafu Mama Posta, Fundi alinunua gari refu la kusambazia mikate, ambalo nalo lilikuwa limestaafu mwaka uleule. Alilipaka rangi nyeupe mara tatu, na bado jua likilipiga ubavuni picha ya mkate wa zamani ilichungulia chini ya rangi. Wakaliita Mkate. Kwa miaka mitatu kila Jumapili alijifungia humo na msumeno wake. Alilitia kitanda, kabati, jiko, meza ya kukunja na viti viwili vipya vya mbele, na mkewe akapigwa marufuku kuchungulia. Safarini, alisema, mama atakaa dirishani atazame miji yake. Kuendesha ataendesha yeye Fundi, na kupika atapika yeye. Mama Posta, ambaye katika ndoa yote hiyo alikuwa amepikiwa mayai na chai tu, hakubisha.

Sasa mguu wa breki ulikuwa umelazwa juu ya mto sebuleni kama mtoto mchanga.

Mtoto wao wa pekee alikuja siku hiyohiyo. Walimwita Kiranja tangu alipokuwa darasa la tatu, na jina lilikuwa limemkaa mwilini. Alifanya kazi ofisi ya bima, na kwake dunia ilikuwa mkusanyiko wa ajali ambazo bado hazijatokea. Alikuwa ameshapata mtu wa kulinunua gari, mwoka keki aliyetafuta la kusambazia. Fundi alisema kutoka mkate kwenda keki ni kupanda cheo, lakini hakucheka. Alikuwa akitazama vidole vya mguu wake vikichungulia kwenye plasta. Kichwani alikuwa anahesabu: wiki sita, halafu mvua, halafu barabara mbovu, halafu mwaka ujao. Alilijua neno hilo vizuri mno. Alijua pia kwamba safari hii akilisema, atakuwa amelisema kwa mara ya mwisho.

Mama Posta aliweka sinia la chai mezani.

"Nitaendesha mimi," alisema.

Wote wawili walimgeukia. Walikuwa wamesahau kwamba kabla ya chumba cha barua aliendesha gari la posta miaka minne, na kwamba leseni yake aliihuisha kila ilipokaribia kuisha, kama mtu anayemwagilia ua ambalo halichanui. Daktari naye alipoulizwa alisema mguu hauna habari kama uko sebuleni au barabarani, ili mradi usikanyagiwe, uinuliwe, na wapite hospitali yoyote wiki ya nne.

Kiranja alikubali kwa masharti, maana alikuwa mtu wa masharti. Wataondoka Jumatatu. Jumatano saa sita mchana atapiga simu na kumuuliza mama peke yake kama waendelee au warudi. Mama akisema turudi, atawafuata na dereva, na gari litakwenda kwa mtu wa keki.

"Wewe sikuulizi, baba," alimwambia. "Wewe utasema mambo shwari hata ukiwa unaning'inia shimoni."

Jumatatu Mkate uliingia barabara kuu. Fundi alikaa kiti cha abiria akiwa amejikunja. Kiti kilikuwa mbele mno, mgongo wake umesimama wima, na magoti yalibanwa na dashibodi. Mguu wa plasta ulikosa mahali pa kunyooka, ukawekwa kimshazari juu ya begi, ukilala upande huu na kuamkia ule. Hakulalamika. Aliona ndiyo adhabu ya mtu anayekanyaga vidato vyake.

Alichoshindwa kuzuia ni mdomo. Mkewe alipokanyaga klachi gari lilishtuka. Alipotia gia, gia ilisaga. Fundi alivuta pumzi kwa meno, kisha akasema labda angekanyaga hadi mwisho. Baadaye akasema labda angekanyaga mapema kidogo. Mama Posta alijibu ndiyo, ndiyo, macho yakiwa barabarani. Baada ya saa mbili akaacha kujibu. Alikaa ukingoni mwa kiti, kifua kikikaribia usukani, na mgongo wake haukugusa kiti hata mara moja. Kila baada ya saa moja aliegesha pembeni, akashuka, akazunguka gari polepole huku akijikanda mabega.

Walipita miji minne. Katika kila mmoja alipunguza mwendo mbele ya jengo la posta, akalitazama, akasema kitu kifupi. Hapa ndipo zilipokuwa zikija barua za yule mwanajeshi. Hapa walikuwa wanasahau stempu. Fundi alitegemea maneno mengi zaidi. Miaka yote hiyo alijiwazia siku mkewe atakapoona miji, na katika mawazo yake alikuwa anaongea tangu asubuhi hadi jioni.

Jumatatu walilala kwenye uwanja wa malori nyuma ya kituo cha mafuta. Jumanne walifika kando ya mto, kwenye kiwanja cha nyasi ambapo msimamizi wa pampu ya maji ya mji aliwaruhusu kuegesha. Jioni hiyo Fundi, akiwa amelala kwenye benchi lake nyuma ya kabati, alisikia harufu ya dawa ya kuchua. Aliuliza kama kuna kinachouma. Mkewe alisema ni barabara tu.

Fundi hakuwa mwepesi wa kuhukumu, lakini alijua kujumlisha. Mabega, ukimya, kuegesha kila saa. Amenichoka, aliwaza, amechoka kunibeba mimi na plasta yangu, na kesho saa sita atasema turudi. Na ana haki. Akaanza kutafuta namna ya kulipokea neno hilo bila kuonyesha uso. Aliamua atasema hata yeye alikuwa anafikiria hivyohivyo.

Asubuhi ya Jumatano ilikuwa na jua jepesi. Mama Posta alimtoa nje, akamkalisha kwenye kiti cha kukunja na kuuweka mguu wake juu ya ndoo iliyofudikizwa, kisha akarudi ndani kuosha vyombo. Milango ya nyuma ya gari ilikuwa wazi yote miwili. Kwa mara ya kwanza tangu waondoke, Fundi aliliona jiko lake kwa mbali kidogo, kama anavyoliona mtu mwingine.

Aliona visigino kwanza. Vilikuwa hewani. Chini ya vidole kulikuwa na sanduku, na juu ya sanduku mkewe amenyanyuka, viwiko vimetanuka pembeni kama kuku anayekausha mabawa, mabega yamepanda hadi karibu na masikio. Alisugua sufuria hivyo, akashuka, akachukua sahani, akapanda tena.

Kama ingekuwa nyumba ya watu, Fundi angejua la kufikiri. Na kabla hajajizuia, akalifikiri: ni fundi gani huyu aliyeweka meza juu namna hii, asimwonee huruma anayepika?

Likafuata jibu: yeye mwenyewe.

"Mama," aliita. "Umesimama juu ya nini?"

"Sanduku lako la vifaa. Usiogope, patasi nimezitoa."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Na kule mbele, kwenye usukani, mguu wako unafika kwenye klachi?"

Maji yaliacha kumwagika. "Nikinyoosha kidole gumba unafika."

Fundi alipeleka mkono sikioni. Penseli ilikuwepo, kwa mazoea tu, kwa sababu hakuwa na kazi yoyote.

"Njoo hapa," alisema. "Vua viatu."

Mama Posta alitokea mlangoni, mikono inachuruzika. Maneno hayo aliyajua. Mtaa mzima uliyajua. Alimtazama mumewe, akaitazama penseli, na hakusogea.

"Unataka kufanya nini?"

"Kukupima."

Alijifuta mikono taratibu kwenye gauni, kidole baada ya kidole. Kisha akashuka, akavua viatu, akaegemea ubavu mweupe wa gari, akakunja mkono bila kuelekezwa. Fundi alijiinua kwa gongo moja, akachora mstari kwenye rangi penye kiwiko, akashuka upana wa kiganja, akachora mwingine. Halafu akavuta futi. Jiko lilikuwa limemzidi sentimita kumi na moja.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Umejifungia miaka mitatu. Kila kona umeipiga msasa mpaka inateleza. Halafu na mguu huo." Alikuwa bado amekunja mkono. "Nilijiambia nitanyanyuka wiki sita, si milele."

Fundi alirudisha penseli sikioni.

"Ila nikuambie jingine, mzee wangu, maadamu umeuliza. Ule ukuta wa karakana nimeusoma kila siku niliyokuletea chakula. Kusoma majina ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nimemwona mke wa daktari, nimemwona mwenye hoteli, nimemwona hata yule muuza gesi asiye na mke. Mimi sikujiona. Nikasema labda Fundi hajafika kwenye herufi yangu."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anayesoma anwani kwenye bahasha, na hilo lilimuuma Fundi kuliko kama angegomba. Jiko la nyumbani kwao lilikuwa la mama yake, lilikuwepo kabla ya ndoa, na hakuwahi kujiuliza lilimfaa nani.

"Nilimpima mpishi," alisema hatimaye. "Mpishi nilikuwa mimi. Na dereva nilikuwa mimi. Sharti sikulivunja, Mama. Ila nilipovunjika mguu sikupima upya."

"Na mimi je? Nilikuwa wapi humo ndani?"

"Wewe nilikupima kwa uzi."

"Uzi gani?"

"Wa kushonea. Ulikuwa umelala mchana kwenye kochi. Nikapima kutoka kiunoni hadi gotini nikapiga fundo, kutoka gotini hadi kisiginoni nikapiga fundo. Mgongo nilikisia. Kile kiti cha abiria ni chako kuanzia msumari wa kwanza, ili uone mbele bila kujinyoosha."

Mama Posta aligeuka akakitazama kiti kupitia dirishani, kile kidogo, kilichosimama wima, kilichosogea mbele. Kisha akamtazama mumewe na urefu wake wote na plasta yake. Kicheko kilimwanzia tumboni, akajaribu kukizuia kwa kiganja, kikamshinda.

"Kwa hiyo siku mbili hizi umekalia kipimo changu."

"Na wewe umekalia changu. Muulize goti langu."

Walicheka mpaka msimamizi wa pampu akatoa kichwa kwenye kibanda chake, akawaangalia, akakirudisha ndani.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Fundi alimweleza la viti kwanza. Vitako vya viti vyote viwili alivitoboa kwa kiolezo kimoja, maana hakupenda kupima kitu mara mbili kama mara moja inatosha. Kwa hiyo kiti chochote kingekaa upande wowote. Bolti ni nane tu. Lakini ziko chini, na yeye hawezi kuinama.

Alianza kumwelekeza spana inavyoshikwa, kulia kukaza, kushoto kulegeza.

"Fundi," alisema mkewe kutoka chini ya dashibodi, "gari la posta nilikuwa nalibadilisha magurudumu mimi, na barua haikuchelewa."

Fundi akanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, alinyamaza na mdomo ukatulia. Alipokea bolti moja moja, akazipanga kwenye kifuniko cha sufuria kwa utaratibu zilivyotoka. Viti vilishuka, vikabadilishana, vikapanda. Kile kirefu kilipokaa upande wa abiria kiliacha nafasi ya mguu wa plasta kunyooka wote, na bado pakabaki pa kuweka begi.

Jiko lilikuwa shauri jingine. Kulishusha kulitaka kukata miguu minne ya mbao ngumu aliyoichagua mmoja mmoja. Mama Posta alimwambia aache, sanduku linatosha, ameshalizoea.

"Ni mteja gani niliwahi kumwambia apande sanduku?" Fundi aliuliza.

Mama Posta alifungua skrubu zilizolishika ukutani, akaondoa jiko la gesi na beseni, wakalivuta kabati la jiko hadi mlangoni, likalala kwenye nyasi. Fundi alikata akiwa amekaa, mguu juu ya ndoo, mkewe akiushikilia kila mguu wa kabati kwa mikono miwili. Kukata ukiwa umekaa si sawa na kukata ukiwa umesimama. Msumeno huenda na bega badala ya mwili mzima. Alipima mara tatu kila mguu. Unga wa mbao ulimwagikia plasta, ukamwagikia gauni la mkewe. Vipande vinne vilianguka kimoja baada ya kingine, na Mama Posta akaviokota vyote akavitia mfukoni bila kusema vya nini.

Walipolisimamisha, lilicheza. Mguu mmoja ulikuwa umepungua upana wa sarafu. Karakanani Fundi angekata upya mingine yote. Alikuwa ameshauinua msumeno, lakini mkewe alikuwa ameingia ndani, akatoka na bahasha kuukuu, akaikunja mara nne na kuisukuma chini ya mguu. Kabati likatulia. Alisimama mbele yake pekupeku, akaweka viganja juu ya ubao. Mabega yake yalishuka. Yalishuka polepole, kama kitu kilichokuwa kimetundikwa na sasa kimeondolewa kwenye msumari.

Fundi aliangalia mtoni.

Simu iliita wakiwa ndio kwanza wameingia mbele kujaribu viti. Saa sita kamili. Kiranja hakuwahi kupiga dakika moja kabla wala moja baada. Mama Posta aliifungulia sauti na kuiweka juu ya dashibodi. Mgongo wake ulikuwa umeegemea kiti. Mguu wake wa kushoto ulikanyaga klachi hadi mwisho, kisigino kikiwa kimetua sakafuni.

Kiranja alisalimia, akauliza hali ya mguu, hali ya breki, hali ya matairi. Kisha akauliza wako wapi, kwa sababu kwa hesabu yake saa hiyo walipaswa kuwa mbali zaidi. Fundi alifumba macho. Lile jibu aliloliandaa usiku, kwamba hata yeye alikuwa anafikiria hivyohivyo, lilikuwa bado limekaa mdomoni, tayari.

"Bado tupo mtoni," Mama Posta alisema. "Leo tumechelewa kuondoka. Baba yako alikuwa na mteja."

"Mteja? Huko?"

"Wa siku nyingi. Alikuwa kwenye foleni muda mrefu, masikini."

"Mama, sikuelewi. Mnarudi au hamrudi?"

"Mwambie yule wa keki atafute gari jingine, mwanangu. Na ule vizuri."

Alikata simu. Fundi alifumbua macho, akanyoosha mguu wa plasta hadi mwisho wa nafasi yake, akakuta bado pamebaki. Alichukua ramani mfukoni mwa mlango, akaikunjua juu ya magoti, akamsomea jina la mji unaofuata.

"Huo ndio wa wino wa kijani," alisema Mama Posta. Akatia gia, na gia haikusaga. Walipokuwa wanapanda kutoka mtoni kuelekea barabarani akaanza kumsimulia habari za mtu mmoja wa huko, aliyekuwa akimwandikia dada yake kila mwezi, na bahasha zake zilivyonukia sabuni, na siku barua zilipoacha kuja, na alivyokaa mwaka mzima akiwaza ni nini kilitokea, mpaka siku moja ikaja moja, wino uleule, lakini mwandiko wa mtoto.